Spea ya Kiwanda au ya Kuiga? Vidokezo kwa Anayefufua Landrova ya Zamani

Anayefufua Landrova ya zamani huulizwa swali moja kila aingiapo dukani: unataka jenyuni, au nikupe hii nyingine? Jenyuni ni ghali na pengine mpaka iagizwe Uingereza. Hii nyingine ipo rafuni, inang'aa, na bei yake inashawishi. Gari liko juu ya mawe, fundi anasubiri, na jibu linatakiwa sasa hivi.

Vidokezo hivi ni vya Landrova za Series: ile ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Series II ya 1958, IIA ya 1961, na Series III iliyotoka 1971 hadi 1985. Afrika Mashariki hatuhitaji kutambulishwa kwazo. Zimebeba mabwana shamba, wapima ardhi, mapadri na askari wa wanyamapori, na Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Landrova, barabara zilijaa za kila umri. Nyingi kati ya hizo za zamani zinaweza kurudi barabarani zikiwa nzuri kuliko wamiliki wake wanavyodhani, mradi pesa iende panapostahili.

Msimamo wangu ni huu: kinacholinda uhai wako kinunue kipya, kinacholitambulisha gari kisitoke, na kwa vilivyobaki, jaribu fundi kabla ya duka.

1. Amua kwanza gari litafanya kazi gani

Gari la kusimama mbele ya majaji wa Africa Concours d'Elegance pale Ngong Road, Nairobi, linadai spea tofauti na gari la kupeleka mbolea shambani. Gari la matembezi ya Jumapili liko katikati. Andika uamuzi wako kwenye karatasi na umpe fundi nakala, kwa sababu fundi asiyejua lengo atakununulia kinachopatikana karibu, na hapo huna haki ya kumlaumu.

2. Soma namba kabla hujafungua nati hata moja

Kwenye nyingi ya Landrova hizi, namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Sugua kwa brashi ya waya taratibu, paka chaki, utaiona. Linganisha na ile ya kwenye kibati kilichofungwa ndani, kisha tafuta namba ya injini kwenye bloku. Piga picha zote tatu kabla mtu hajaleta msasa.

Ukisoma namba ya Series II, IIA au III nyingi za miaka ya 1970, usiache herufi ya mwisho. Wengi huiruka wakidhani haina kazi. Herufi hiyo inaonyesha mabadiliko ambayo kiwanda kilifanya njiani, na ndiyo inayoamua giaboksi yako inatumia sili ipi au ekseli yako inataka bearing ipi. Injini nayo ina siri yake: ile ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na krankshafti ya bearing tatu hadi 1980, kisha ikawa ya bearing tano. Muuzaji akikuambia "zote ni 2.25, zinaingiliana", mwonyeshe namba.

Jumba la makumbusho la British Motor Museum, huko Gaydon, linatunza kumbukumbu za kiwanda na hutoa cheti kwa malipo. Cheti hicho hueleza gari lilijengwa lini, lilitoka na injini ipi, rangi gani, na lilisafirishwa kwenda wapi. Kabla ya kutumia pesa kubwa kurudisha "rangi yake ya asili", pata karatasi hiyo, maana nimeona magari yakipakwa kijani kwa sababu tu mwenye gari aliamini Landrova zote zilikuwa za kijani.

Jambo moja linatuhusu sana sisi. Si kila Landrova ya hapa ilishuka bandarini ikiwa nzima. Nyingine zilikuja vipande ndani ya makasha na kuunganishwa huku huku, kwa mfano Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanza miaka ya 1970 na ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Viwanda vya kuunganisha magari Kenya vilitumia baadhi ya vitu vilivyotengenezwa nchini, kama betri, tairi na springi. Kwa gari la namna hiyo, kilichotoka Thika ndicho asilia. Kitabu cha Uingereza kikionyesha kitu tofauti na ulichonacho, usikimbilie kukibandua. Uliza wazee wa gereji kwanza. Huenda umeshika kipande cha historia ya viwanda vyetu.

3. Jua unachouziwa

Neno "orijino" kwenye mdomo wa muuzaji linaweza kuwa na maana tano. Kuna spea iliyotolewa na Land Rover wenyewe, ikiwa na boksi lao na namba yao. Kuna iliyotengenezwa na kampuni ile ile iliyokuwa ikikipelekea kiwanda bidhaa: Girling kwa breki, Lucas kwa umeme, Smiths kwa geji, Timken kwa bearing. Hii ya pili mara nyingi ni kitu kile kile bila jina la Land Rover, na bei hushuka. Hapo ndipo shilingi yako inapofanya kazi nzuri kuliko popote.

Kuna stoki ya zamani, yaani spea mpya isiyowahi kufungwa lakini imelala stoo miaka arobaini. Kuna ya kuiga ambayo mtengenezaji wake anasema wazi kuwa ni ya kuiga. Nyingine ni nzuri kabisa, nyingine hazidumu. Na kuna feki, iliyovaa jina la watu.

Jina kwenye boksi nalo lina historia. Lucas ya Birmingham iliungana na Varity mwaka 1996, ikanunuliwa na TRW mwaka 1999, na leo jina hilo hutumika kwa leseni. Kwa hiyo boksi la mwaka jana lenye jina Lucas halina uhusiano wa moja kwa moja na karakana iliyotengeneza distribyuta yako. Usilidharau kwa hilo, ila usililipie bei ya makumbusho.

Ukienda maduka ya spea ya Kirinyaga Road au Kariakoo, nenda na spea yako ya zamani mkononi. Muuzaji atasema, "Mkubwa, hii ni jenyuni kabisa." Mshukuru, kisha weka zote mbili juu ya kaunta. Pima uzito kwa mikono. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chuma cha kumiminwa: cha zamani kimesuguliwa pale kinapokaa na kuachwa kibichi pengine, feki huwa na mabaki makali ya ukungu pande zote, au imepakwa rangi nzito ya kuficha vishimo. Angalia namba ya spea. Za Series nyingi ni tarakimu sita, za baadaye huanza na herufi kama RTC. Namba iliyochapwa kwenye karatasi ya boksi tu, huku kwenye chuma chenyewe hakuna alama yoyote, ikufanye uulize maswali zaidi.

4. Kabla ya kununua chochote, uliza kama ulichonacho kinafufulika

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Vitabu vya Ulaya huweka njia mbili tu, asilia au nakala, kwa sababu kule saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya spea mpya. Kwetu hali ni kinyume. Tuna wakerezaji, wasuka mota, mafundi wa rejeta, wahunzi wa springi, na wengi wao wanafanya kazi hizi kila siku kwa malori na pampu za maji. Spea ya kiwanda iliyochakaa, ikipita mikononi mwa fundi wa kweli, mara nyingi huishinda nakala mpya.

Chukua kabureta ya Zenith 36 IV, iliyofungwa kwenye injini nyingi za petroli za lita 2.25. Ikianza kunywa mafuta ovyo na gari kuzimika kwenye mwendo mdogo, watu hununua kabureta ya kuiga. Kumbe tatizo lake linajulikana: uso wa kipande cha juu hupinda kidogo kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, hewa na petroli vikapenya pasipotakiwa. Ifungue. Weka karatasi laini ya msasa juu ya kipande cha kioo, mwagia maji, kisha sugua ule uso kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Baada ya mizunguko michache utaona madoa yanayong'aa kwenye kingo na kivuli cheusi katikati. Kivuli hicho ndicho kilikuwa kinavujisha. Endelea mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Weka gasketi mpya na ule mpira mdogo wa mviringo ulio ndani, rudisha skrubu kwa kukaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Umebaki na kabureta ya kiwanda kwa bei ya gasketi.

Rejeta ni hivyo hivyo. Matangi ya shaba, la juu na la chini, yana umbo na alama za kiwanda. Kinachokufa ni kifua cha katikati. Fundi hubadilisha kifua na kurudisha matangi. Stata na dinamo husukwa upya. Mkono wa mlango huchomelewa na kupigwa tupa. Dramu za breki hukerezwa, mradi zisizidi kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Zikizidi, hapo hakuna ubishi, nunua.

Gia zenyewe, ukikuta giaboksi iliyokufa ya kiwanda ambayo meno yake bado ni mazima, inunue uiweke. Chuma chake kilipikwa vizuri. Binafsi nitachagua gia ya kiwanda iliyotumika, yenye meno safi, kabla ya mpya isiyo na jina.

5. Breki: hapa usione haya kununua vipya

Series nyingi zina mfumo mmoja tu wa breki. Mafuta yakivuja gurudumu moja, kanyagio huzama mpaka chini na magurudumu yote manne hukosa breki. Kwa hiyo silinda za magurudumu, masta silinda, mipira na sili zake viwe vipya, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na viwe vimetengenezwa miaka ya karibuni. Silinda ya zamani unayoipenda kwa sababu ya jina la Girling lililopigwa ubavuni inaweza kukerezwa ndani na kuwekewa mfuko wa chuma kisichoshika kutu, ikabaki na sura yake; hiyo nakubali. Mpira wa ndani wa miaka ya 1970, hapana.

Stoki ya zamani huwadanganya wengi hapa. Boksi ni safi, karatasi ya mafuta haijafunguliwa, na moyo unaruka. Fungua, bonyeza ule mpira kwa ukucha. Ukiacha alama isiyorudi, au ukikunja ukaona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, mpira huo umekufa boksini. Hewa na joto huula mpira hata kama haujagusa barabara.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Brekishuu za stoki ya zamani zinaweza kuwa na asbesto. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, lakini zilizokwisha kutengenezwa bado zinazunguka madukani na minadani. Usizifunge. Na unapofungua dramu za gari lililolala miaka mingi, mwambie kijana wa gereji asipulizie vumbi lile kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitie kitambaa kwenye mfuko. Mapafu ya kijana huyo yana thamani kuliko Landrova yoyote.

Mabomba ya breki ya chuma yaliyoliwa na kutu yabadilishe kwa yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hayashiki kutu, na mtu wa Tanga au Mombasa anajua chumvi ya hewani inavyofanya kazi.

6. Tairi

Hapa jambo ni fupi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri ya zamani lakini imetengenezwa miaka kumi na tano iliyopita ni ya kupamba ukuta.

7. Umeme: kidogo cha kuiga, kwa macho mawili

Distribyuta ya Lucas ikiwa nzima, iache. Vinavyoisha ndani yake ni pointi, kondensa na rota, na hapo ndipo nakala mbovu zimewalaza watu njiani. Rota nyingi za kuiga zina ribiti iliyopita katikati ya bati lake la juu. Umeme hupata njia kupitia ribiti hiyo na kuruka kwenye shafti, gari likazima ghafla likiwa moto na kuwaka tena likipoa. Tafuta rota isiyo na ribiti. Kondensa mpya nazo hufa mapema kuliko za zamani; ukipata inayofanya kazi vizuri, weka ya pili ndani ya gari pamoja na bisibisi.

Waya ni habari nyingine. Waya za zamani zilizofungwa kwa kitambaa ni nzuri kwa macho, lakini kitambaa kikioza na mpira wa ndani ukapasuka, unaendesha juu ya moto. Ng'oa zote. Wapo wanaotengeneza mkanda mzima wa waya kwa mfano wa ule wa zamani, ukiwa na kitambaa chake juu na plastiki ya kisasa ndani. Hiyo ni nakala ninayoipenda bila masharti.

Angalizo: Series nyingi za kabla ya 1967 zina waya wa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Ukinunua taa za LED, redio au mfumo wa kisasa wa kuwasha plagi bila kulijua hilo, utaunguza kitu siku ya kwanza.

8. Bearing na sili: nenda duka la bearing

Usinunue boksi lililoandikwa Landrova kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye bearing yenyewe. Vipimo vya bearing ni vya kimataifa. Safisha pete ya zamani, soma namba, nenda nayo kwa wauza bearing wa viwandani, uombe jina unaloliamini. Sili ya oili pima mambo matatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Mara nyingi utapata bora zaidi, siku hiyo hiyo, bila kulipia usafiri wa ndege.

9. Springi za kulia na kushoto si pacha

Kwenye Landrova hizi upande wa dereva umebeba mtu kila siku na mara nyingi tangi la mafuta, kwa hiyo kiwanda kiliweka springi ngumu zaidi upande huo. Namba za spea ni tofauti. Seti za bei nafuu huuzwa zote nne zikifanana mbavu kwa mbavu, na gari huinama upande mmoja baada ya miezi. Dai namba za kila upande.

Kama springi za kiwanda bado zipo, hesabu majani, angalia yaliyovunjika, na umpelekee mhunzi anayejua kuchoma chuma na kukipoza kwa utaratibu. Springi iliyokunjwa tu kwa nyundo hurudi chini upesi. Zile za kisasa za majani machache manene hulainisha safari, hilo ni kweli, nami singemlaumu mwenye mgongo mbovu akizifunga. Azitunze tu zile za zamani.

10. Chesisi: uamuzi mgumu kuliko wote

Bodi ya Landrova ni ya mchanganyiko wa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Lakini chesisi ni ya chuma, na ndiyo inayooza. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma ukisikiliza. Mlio wa kengele ni uzima. Mlio wa debe bovu ni kazi.

Vinavyooza kwanza huwa ni mikono ya pembeni inayoshika bodi na boriti ya nyuma. Hivyo vyote vinauzwa kama vipande vya kuchomelea, na vipande hivyo vya kuiga ni sahihi kuvitumia. Boriti mbili kuu zikiwa nzima, kata palipooza, chomelea kipya, uhifadhi zilizobaki. Huo ndio ushauri wangu kwa magari mengi ya bara, ambako ukame umeyatunza.

Ikiwa boriti kuu zenyewe zimekuwa karatasi, na hasa kwa gari lililoishi pwani, chesisi mpya iliyochovywa zinki kutoka Uingereza itakupa gari la kuwarithisha watoto. Ila hapo umegusa utambulisho. Nenda mamlaka ya usajili ya nchi yako kabla ya kazi kuanza, ueleze na upate maandishi. Usimruhusu mtu apige namba upya kichochoroni. Kipande chenye namba ya zamani kikate vizuri, kipake mafuta, kitunze.

11. Bodi, rangi na zile pembe za zinki

Madigadi ya alumini hupinda, hayaozi hivi hivi. Fundi mwenye nyundo ya mbao na subira atayarudisha. Madigadi ya kuiga huja na matundu ambayo hayalingani na skrubu zako, kwa hiyo ukilazimika kununua, yafunge yote pamoja na milango na boneti kabla tone la rangi halijaguswa. Duka likikataa kurudishiwa bidhaa iliyopakwa rangi, lina haki.

Tazama kwa karibu zile pembe za chuma zilizopigwa ribiti juu ya bodi ya nyuma. Za kiwanda zilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Ukizifuta na kuzielekeza kwenye mwanga, utaona rangi ya kijivu iliyofifia yenye maua maua ya fuwele, kubwa na ndogo, kila pembe na michoro yake. Nyingi za kuiga zimepakwa zinki kwa umeme: zinang'aa samawati, laini, sare, na hushika kutu mapema. Mtu anayejua ataziona akiwa hatua kumi. Safisha zako za zamani kwa maji na brashi ya nailoni, wala usizipake rangi. Zilizokwisha kabisa zitengenezwe na fundi bati kwa kipimo kile kile, kisha zipelekwe kiwanda kinachochovya vyuma. Toboa matundu ya kupumulia kwenye sehemu zilizofungika. Zinki huyeyushwa na kuwekwa kwenye nyuzi joto 450 hivi, na hewa iliyobanwa ndani hulipuka.

Kuhusu rangi, mwaka 2018 Jaguar Land Rover walitangaza kuwa wanafufua gari lenyewe lililoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, lililogunduliwa karibu na Solihull baada ya kupotea miaka mingi. Wangeweza kulifanya liwe jipya kabisa. Wakaamua kuhifadhi uzee wa vipande vyake vya kihistoria, hata ile rangi ya kijani hafifu. Nalikumbuka gari hilo kila ninapoona mtu akipiga msasa mlango wenye maandishi ya mradi wa maji au misheni ya zamani. Rangi ya dukani itakuwepo mwaka ujao pia. Maandishi yale hayatarudi.

12. Vioo

Vioo vya mbele vya Series ni bapa, vipande viwili. Fundi vioo yeyote mzuri anaweza kukata kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati kwa kufuata cha zamani. Usikubali kioo cha dirisha la nyumba, hata kikikaa vizuri kiasi gani.

13. Agiza kwa pamoja

Spea moja kutoka nje hubeba usafiri wake, ushuru wake na kodi yake. Maliza kulivunja gari lote, andika orodha moja, agiza mara moja, na vizito vije kwa meli. Anayeagiza kila wiki hulipa kasha zaidi ya chuma.

14. Weka alama, tunza cha zamani

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina Hati ya Turin ya mwaka 2012 inayotaka vipande vipya viwekewe alama ya kudumu ili visichanganywe na vya asili. Fanya hivyo. Piga mwaka kwa patasi ndogo za namba, upande usioonekana: chini ya kipande cha chesisi, nyuma ya pembe ya zinki, ndani ya madigadi.

Kisha fungua daftari. Kila ukurasa kipande kimoja: namba yake, umekipata wapi, kimetengenezwa na nani, fundi gani amekifunga, umbali uliosomeka kwenye spidomita siku hiyo, na picha kabla na baada. Vyote vilivyotolewa na bado vina umbo, kuanzia kabureta iliyopasuka hadi kipande cha chesisi chenye namba, viingie kwenye sanduku la mbao, kila kimoja na kibandiko chake. Siku ya kuuza, sanduku na daftari vinakwenda na gari, na bei inatajwa baada ya mnunuzi kuvipitia vyote viwili.